Somo la kliniki: Kusafisha nyumba ya kupanga mbele ya kuhama



Katika miji yetu, Bukavu, Goma, Uvira, Butembo, Bunia, Kalemie, jamaa mingi hawana nyumba yao wenyewe. Wanapanga. Leo wanakaa katika vyumba viwili. Kesho mtoto mwingine anazaliwa, wanatafuta vyumba vitatu. Bei ya nyumba inapanda, wanahamia mtaa mwingine. Kazi ya baba inabadilika, wanahama tena.

Siku ya kuhama kila mtu anafikiri kitanda, godoro, sufuria, na chukudu ya kubeba vitu. Ni wachache wanaofikiri nyumba inayobaki nyuma. Mama wengine wanasema: «Mimi natoka. Nyumba si yangu. Juu ya nini nichokeshe mikono kwa sakafu ya mtu mwingine?»

Somo hili ni jibu la ulizo hilo. Neno kubwa ni hili: watu wanahama, lakini magonjwa mengine hayahami. Yanabaki ndani ya nyufa za ukuta, ndani ya vumbi, ndani ya choo, yakimngoja mtoto wa mama anayeingia. Usisahau: nyumba utakayoingia wewe, mama mwingine ametoka ndani yake.

1. NI NINI KINACHOBAKI NDANI YA NYUMBA?

Kimputu. Watu wengine wanamwita papasi. Ni mdudu wa jamii ya kupe. Anakaa katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Mchana anajificha. Usiku anatoka, ananyonya damu ya mtu aliyelala, kisha anarudi kwake. Anaweza kuleta homa inayorudi. Homa hiyo inapanda sana siku chache, inaacha, mtu anasema «Nimepona», kumbe inarudi tena. Kwa mama mwenye mimba ni ugonjwa mbaya sana, unaweza kuharibu mimba.

Kimputu anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikifungwa mwaka mzima, yeye anangoja tu. Mwaka 1905, madaktari wawili, Dutton na Todd, walikuwa hapa Kongo wakichunguza homa hii. Walionyesha kwamba kimputu ndiye anayeibeba. Dutton mwenyewe aliambukizwa, akafa Kasongo, katika Maniema, mwaka ule ule. Ikiwa daktari aliyemjua mdudu huyu hakupona, sisi tusimzarau.

Kunguni. Hawa wanakaa katika mishono ya godoro, katika viungo vya kitanda, nyuma ya picha za ukutani. Wao pia wanaweza kungoja miezi bila damu. Mtoto anayeumwa na kunguni kila usiku halali vizuri, anajikuna, ngozi inapata vidonda.

Funza. Wanapenda sakafu ya udongo mkavu yenye vumbi. Mayai yao yanaanguka chini, yanakua ndani ya vumbi. Mtoto mdogo anayetambaa anawapata kwenye miguu na mikono.

Panya. Tukiacha mabaki ya chakula na matundu wazi, panya wanabaki kama wenye nyumba. Mikojo na mavi yao yanachafua chakula na vyombo. Viroboto vyao vinaweza kubeba tauni, na ugonjwa huu unajulikana sana katika Ituri.

Vitu vya hatari. Chupa ya petroli nyuma ya mlango, dawa ya panya juu ya ukuta, soda ya kutengeneza sabuni ndani ya kopo, vidonge vilivyobaki, wembe, sindano. Wewe unajua ni nini. Mtoto wa miaka miwili anayeingia kesho hajui. Anaona chupa ya limonadi, anakunywa.

2. NA GARANTI JE?

Mama wengi walilipa garanti siku ya kuingia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite bei ya miezi mitatu. Kwa jamaa nyingi feza hiyo ni kubwa: ni chakula, ni masomo ya watoto, ni garanti ya nyumba inayofuata.

Garanti si zawadi ya mwenye nyumba. Lakini akikuta ukuta mweusi, choo kimejaa takataka, kioo kimevunjika, atasema: «Feza hii nitatengenezea nyumba.» Na wewe utakosa neno la kumjibu. Kwa hiyo fanya hivi:

Siku ya kuingia, andikeni pamoja hali ya nyumba: milango mingapi, kufuli ngapi, vioo vilivyovunjika tayari, ukuta uliopasuka. Kila mtu atie sahihi, kila mtu abaki na karatasi yake. Siku ya kutoka, safisha kwanza, kisha mwite mwenye nyumba mpitie chumba kwa chumba na karatasi mkononi, mbele ya shahidi mmoja. Mkimaliza, rudisha funguo. Usimpe funguo kupitia mtoto wa jirani na kukimbia usiku. Anayekimbia anaacha garanti yake nyuma.

3. VYOMBO VYA KAZI, NA ANGALISHO

Si lazima kuwa na feza mingi. Tafuta fagio, ndoo mbili, sabuni ya kipande, vitambaa vya zamani, majivu, jembe dogo, udongo wa kuziba nyufa, na chupa ndogo ya javeli. Chokaa ikipatikana, ni vizuri zaidi.

Juu ya javeli, shika maneno haya matano:

Kwanza, javeli haifanyi kazi juu ya uchafu. Osha kwa sabuni na maji, suuza, kisha pitisha javeli.

Pili, pima. Fasi yenye damu, matapishi au mavi inahitaji kipimo kimoja cha javeli ya kawaida na vipimo tisa vya maji baridi. Acha dakika kumi, kisha suuza. Fasi zingine za nyumba, sabuni na maji vinatosha.

Tatu, usichanganye javeli na kitu kingine: wala siki, wala asidi ya kusafishia choo, wala asidi ya batri, wala mkojo. Mchanganyiko huu unatoa moshi unaochoma mapafu. Choo chenye mkojo mwingi, mwagia maji mengi kwanza.

Ine, fungua milango na madirisha. Watoto wakae nje.

Tano, usiweke javeli katika chupa ya limonadi au ya mafuta ya kula, hata kwa saa moja.

Mama mwenye mimba asibebe ndoo zilizojaa, asipande juu ya kiti kuosha dari, asikae ndani ya harufu ya javeli. Kazi hizo ni za baba na vijana wakubwa. Baba naye alilala ndani ya nyumba ile. Mikono yake si ya kubeba kitanda tu.

Neno lingine: baada ya kuosha, wengine wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, wanafunga mlango ili sakafu ikauke upesi. Hapana! Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haionekani, na imeua jamaa nzima usingizini. Nyumba ikaushwe na upepo na jua.

Tena usinyunyize dawa ya mashamba ndani ya nyumba ili kuua wadudu. Dawa ile inabaki ukutani, watoto wanaipumua na kuilamba.

4. KAZI KWA SIKU ZAKE

Siku saba mbele

Tafuta kwanza fishi ya CPS ya kila mtoto, fishi yako ya mimba, na karatasi za kuzaliwa. Zitie katika mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko huo ubebe wewe mwenyewe, usiutupe ndani ya mizigo. Kila mara jamaa wanapohama, kliniki inapokea mama anayesema: «Fishi ilipotea siku ya kuhama.» Basi mnganga hajui chanjo gani mtoto amepata. Ukienda mbali, pita kwetu tuandike chanjo zote vizuri, na tukuambie kituo cha afya cha mtaa mpya. Kama wewe au mtoto anakunywa dawa ya kifua kikuu, usihame bila kutuambia. Dawa isikatike hata siku moja.

Kusanya vitu vya hatari. Petroli, dawa ya panya na soda vibebe katika sanduku lililofungwa, juu, mbali na watoto. Vidonge vya zamani na sindano vilete kwenye kituo cha afya. Wembe utie ndani ya kopo lenye kifuniko.

Mtoto akikunywa petroli au soda, usimtapishe. Kurudi kwake juu kunaweza kuchoma koo na kuingia katika mapafu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa ile, ili tujue alikunywa nini.

Siku mbili mbele

Toa vitanda na magodoro nje kwenye jua. Fungua viungo vya kitanda, mwagia maji yanayochemka, sugua. Kagua mishono ya godoro. Nguo za kulalia zichemshe au zioshe kwa maji ya moto, zikauke juani. Kama hufanyi hivi, utahama pamoja na kunguni wako, na nyumba mpya itakuwa kama ile ya zamani.

Chandarua cha MILDA usikiache ukutani. Ni chako, kinalinda mtoto wako. Kioshe polepole kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, bila javeli, kisha kikaushe kwenye kivuli. Jua kali linaharibu dawa yake.

Siku ya kutoka

Vitu vikiisha kutoka, kazi ya nyumba inaanza. Fuata njia hii: kutoka juu kwenda chini, kutoka ndani kwenda nje.

Dari na kuta. Ondoa utando na masizi. Pangusa ukuta wa sementi kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Ukuta wa udongo, ziba nyufa zote kwa udongo laini uliokanyagwa vizuri, kisha paka chokaa. Kila ufa unaoziba ni nyumba ya kimputu unayofunga.

Mavi ya panya. Usiyafagie makavu, maana vumbi lake litaingia katika pua na kinywa. Fungua mlango, yamwagie maji ya javeli, ngoja, kisha yakusanye kwa kitambaa na kukitupa. Osha mikono. Kama unakuta panya waliokufa wenyewe, usiwaguse na usiruhusu watoto kuwachezea. Panya akifa, viroboto vinamwacha na kutafuta mtu. Peleka habari kwenye kituo cha afya.

Sakafu. Nyunyiza maji kidogo mbele ya kufagia. Sakafu ya sementi, sugua kwa sabuni. Sakafu ya udongo, fagia vumbi lote, toa nje, jaza mashimo, kisha pigilia udongo wa maji mpaka iwe ngumu na laini. Funza hawapendi sakafu ngumu isiyo na vumbi.

Fasi ya kupikia. Toa majivu, lakini hakikisha hayana moto. Majivu ya moto yaliyotupwa karibu na ukuta wa mbao yanaweza kuunguza avenue nzima. Kusanya mabaki yote ya chakula. Ziba matundu ya panya.

Choo. Mama wengi wanakisahau, na hapo ndipo magonjwa ya kuhara yanapobaki. Sugua ubao au sementi ya kukanyagia, ukuta wa chini, na kishikio cha mlango ambacho kila mkono unagusa. Rudisha kifuniko cha tundu kwa ajili ya nainzi. Usitupe ndani takataka za kuhama: viatu, chupa, mifuko, mapile ya redio. Vitu hivi havioze, vinajaza shimo. Katika Goma, fasi mingi chini ni jiwe la volkano. Kuchimba choo kingine ni kazi ngumu na ya feza mingi. Kama uchafu umefika nusu metre kutoka juu, mwambie mwenye nyumba: choo hicho kimejaa, kifunikwe kwa udongo, kingine kichimbwe.

Nje. Mwaga maji yaliyosimama katika makopo, matairi na vyungu. Mbu wanazaa humo. Maganda na majani yatie katika shimo la takataka, funika kwa udongo. Mapile usiyachome.

5. KAMA NDANI YA NYUMBA KULIKUWA MGONJWA

Kuhara na kolera. Kwenye pwani za maziwa yetu, Tanganyika na Kivu, kolera inarudi mara kwa mara. Kama mtu alihara au kutapika ndani, osha sakafu na choo kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli ya kipimo tulichosema. Nguo za mgonjwa zisioshwe mtoni wala ziwani.

Kifua kikuu. Watu wengi wanaogopa nyumba ya mtu mwenye kifua kikuu, wanataka kuchoma vyombo vyake. Si lazima. Ugonjwa huu unapita katika hewa, mtu anapokohoa, haupiti katika sahani. Fungua madirisha yote, ingiza upepo na jua. Kazi kubwa zaidi si kuosha ukuta; ni kuleta watoto wote waliolala pamoja na mgonjwa ili wapimwe. Hiyo usiiache.

Mpox. Usikung'ute shuka na nguo za mgonjwa. Zikunje polepole, zitie moja kwa moja katika maji ya moto na sabuni. Funika mikono yako.

Ebola. Nyumba ya mgonjwa wa Ebola mama asiioshe yeye mwenyewe hata kidogo. Mnakumbuka Beni na Butembo, kutoka mwaka 2018 mpaka 2020. Kazi hii ni ya watu waliofundishwa na wenye mavazi yake. Funga mlango, ita zoni ya afya.

Mama, tunajua kusema ugonjwa wa nyumbani ni haya. Lakini usiuze siri yako kwa mtaa mzima. Mwambie mnganga tu. Yeye atakuonyesha namna ya kusafisha, na anayeingia atakuwa salama.

6. NYUMBA UNAYOINGIA

Usilaze mtoto ndani siku ile ile bila kutazama. Nenda mbele na fagio lako. Uliza majirani: «Nani alikaa hapa? Waliugua nini? Maji mnachota wapi?» Chungulia kila pembe na juu ya ukuta: tafuta chupa, vidonge, wembe. Ziba nyufa. Tazama choo. Fanya sakafu upya. Tundika MILDA usiku wa kwanza, hata kama mizigo mingine ingali imefungwa.

Kama katika majuma ya kwanza mtu wa nyumba anapata homa, asinywe vidonge vya malaria kwa kubahatisha. Aje kwenye kituo cha afya apimwe damu, na aseme: «Tumehama juzi.» Neno hilo dogo linasaidia mnganga kufikiri homa ya kimputu pia.

7. MAMBO YA KUSHIKA KICHWANI

Watu wanahama, kimputu, kunguni, funza na panya wanabaki.
Sabuni kwanza, javeli nyuma, na javeli haichanganywi na kitu.
Chupa ya sumu inayobaki nyuma ni hatari kwa mtoto anayeingia.
Fishi ya CPS inabebwa na mama mwenyewe.
Nyumba safi, karatasi na shahidi vinalinda garanti.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kimputu anajificha wapi, na analeta ugonjwa gani?
2. Sababu gani hatufagii mavi ya panya yakiwa makavu?
3. Mtoto amekunywa petroli. Utafanya nini? Hutafanya nini?
4. Katika nyumba yako ya leo, ni vitu gani ungeona haya mama mwingine avikute?

Mama, ulizo la ine usilijibu hapa kliniki. Lijibu leo jioni, ukifika nyumbani, na fagio mkononi. Si lazima kungoja siku ya kuhama. Nyumba iliyo tayari kwa mtoto wa mwenzako ni nyumba nzuri kwa mtoto wako pia.